Nyumba ya Kukaanga Visu

Baba mkwe wangu nilimsikia kwa miaka mingi kabla sijamwona. Tuliishi boma moja, nilimpikia ugali wa ulezi, nilimfulia mashati, nilimzalia wajukuu, na sura yake sikuijua. Kikohozi chake nilikijua. Nilijua pia kwamba akiwa amekunywa anaburuta mguu wa kushoto, na akiwa anajifanya hajanywa anaburuta wa kulia.

Kwetu, upande wa Tukuyu, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Jina lake halitamki, na hata maneno yanayofanana na jina hilo anayakwepa na kutafuta mengine. Kwa hiyo usinitegemee nikutajie jina la mzee, ingawa amekwisha kufa na hawezi kunisikia. Na kwa kuwa la kwake silitaji, nimeona nisitaje la mtu yeyote, nisije nikaonekana napendelea.

Mume wangu alikuwa Mfipa, dereva wa lori la kampuni ya mkoa. Alinikuta Mbeya nikiuza chai na ndizi za kuchemsha karibu na maghala walikokuwa wakipakia mizigo. Aliniambia kwao Sumbawanga kuna mji mkubwa. Nilipofika nikakuta upepo mkubwa. Mji ulikuwa maduka machache, ofisi, kanisa, na baridi iliyoingia mpaka kwenye meno. Na kwao kwenyewe hakukuwa hata huko mjini, ilikuwa bado mwendo wa kutwa kwa miguu kama lori halipo.

Siku niliyofika bomani nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kichwani, nikitaka kuonekana mchapakazi. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ghala la mahindi, na mume wangu akasema, "Baba huyo." Nilijitupa kwenye mtaro na ndoo yangu. Maji yote yakanimwagikia, nikalala humo uso chini kama mtu aliyepigwa risasi.

"Huyu kaona nyoka?" sauti ya mzee iliuliza.

Mume wangu akamweleza mila ya kwetu. Kwa Wafipa mkwe anapiga magoti, anasalimia, anaitikiwa, maisha yanaendelea.

"Kwani mimi chui?" akasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mimi ningekwisha kukukimbia zamani," akamwambia mumewe, "kama ningejua inaruhusiwa."

Tangu hapo nilimpenda yule mama, na yeye akanipenda mimi, ingawa alinisema kila siku kwa uchoyo wangu wa chumvi.

Kwenye boma lile la zamani mila yangu haikuwa na shida. Kulikuwa na maghala ya kujificha nyuma yake, mahindi marefu, vijia vingi. Mzee alikohoa kwa makusudi kabla ya kukata kona, mimi nikatokomea. Halafu ukaja uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa. Tulibebeshwa vitu vyetu, tukapelekwa kando ya barabara, tukapangwa kwa mistari kama miche ya kabichi. Kila nyumba ilipata kiwanja kilicholingana na cha mwenzake, na kila mtu aliweza kuona mwenzake anakula nini. Sisemi ilikuwa mbaya yote. Shule ilikuwa karibu, na bomba la maji lilitoa maji katika miezi ya kwanza. Lakini waliochora ile mistari hawakujiuliza hata kidogo mkwe wa Kinyakyusa atapita wapi. Niliishi kama panya. Nilichungulia kabla ya kutoka jikoni, nilichungulia kabla ya kwenda chooni, na mara nyingine mzee na mimi tulibaki tumeganda kila mmoja upande wake wa ukuta, tukingojea mwenzake akohoe.

Mzee alikuwa mhunzi, na baba yake na babu yake vilevile. Wale wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, na masalia ya matanuru hayo bado yamesimama porini kama vichuguu vilivyokosa mchwa. Yeye hakuwahi kuyeyusha. Alifua majembe kutokana na vyuma vilivyoletwa, na alipoishiwa vyuma alirekebisha majembe ya watu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa anamvukutia. Katika kuhama, mdogo wake alipangiwa kijiji kingine. Mzee akabaki na nyundo, fuawe la kupondea chuma, koleo, na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, ambayo haiwezi kujivukuta.

Wakati huohuo visu vikawa hakuna. Duka la kijiji liliwahi kuletewa boksi moja la visu vinavyong'aa, vyenye mpini wa plastiki. Mama mkwe alinunua kimoja. Alikitumia kukata boga, kikapinda. Akakinyoosha kwa goti, akajaribu kwenye mfupa wa mbuzi, kikapinda upande wa pili. Akakitundika ukutani. Wageni walipouliza, alisema ni picha.

Mume wangu ndiye aliyeleta chuma. Barabara ya kwenda Tunduma wakati ule ilikuwa na mashimo ya kuzika ng'ombe, na malori yalivunjika springi kama watu wanavyovunja vijiti vya kuwashia moto. Vipande vilibaki vimelala kando ya njia. Alikuwa akivirusha juu ya mzigo na kutuletea. Mzee alikipiga kipande kimoja kwa nyundo, akakisikiliza kinavyolia. Mimi nilikuwa jikoni, nami nikasikia. Kililia kama kengele.

"Hiki kitakuwa kisu," akasema. "Nani atanivukutia?"

Mama mkwe alijibu bila kufikiri. "Mkwe yupo."

Nilisema haiwezekani, hata kama nitarudishwa kwetu. Wazee wa jirani, walipopata habari, nao walisema haiwezekani, kwa sababu yao wenyewe: mwanamke hakaribii kazi ya chuma, chuma kitaharibika. Kwa mara ya kwanza wazee wa Kifipa na mimi tulikubaliana. Ni mzee aliyetupinga wote. Nilimsikia akiwaambia, "Mwiko ule ulikuwa wa tanuru la mawe yetu. Hii ni springi ya lori. Haijui mila ya mtu."

Mama mkwe akapata dawa ya upande wangu. Alisuka wigo wa matete, mrefu kuliko mimi, akausimamisha katikati ya kibanda cha uhunzi nyuma ya jiko. Upande mmoja moto na mzee, upande wa pili mimi na mivukuto, na bomba la udongo likipita chini ya matete. "Sasa," akasema, "mila yako iko salama na kisu changu nitapata."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uhunzi, kwa mlango wa nyuma na mgongo ukiuma.

Shida ya kwanza ilikuwa kuongea. Mimi siruhusiwi kusema naye, naye aliona si adabu kunisemesha wakati mimi siwezi kumjibu. Kwa hiyo alisema na moto. "Moto, ongeza," akasema, nami nikavukuta kwa nguvu. "Moto, taratibu, unataka kuunguza." Mimi nilisema na mbuzi wa mama mkwe aliyefungwa karibu yangu. "Mbuzi, mwambie mwenye nyumba nina mtoto wa kunyonyesha." Hapo mzee aliiambia nyundo ipumzike. Mbuzi yule alibeba maneno mengi kuliko karani wa tarafa, na hakuwahi kuyapotosha.

Shida ya pili ilikuwa chuma chenyewe. Mzee alijua chuma laini cha majembe. Hiki cha springi kilikuwa na kiburi. Alikipasha kikawa chekundu, akakikata kwa tindo, akakifua kikawa na umbo, akakisugua kwa tupa, vyote vikaenda vizuri. Alipokipasha tena na kukichovya majini ili kiwe kigumu, nikasikia mlio mdogo kama mtu anayevunja kucha. Kimepasuka. Cha pili kikapasuka. Cha tatu hakikupasuka, mama mkwe akakichukua, akakipiga kwenye mfupa, kikakatika vipande kama kigae.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu, na alikagua bila huruma. Alivunjia mifupa ya paja la ng'ombe. Alichimbia viazi. Alibandulia mlango uliokwama kwa mvua. Mwisho alikirusha kisu kwenye jiwe la kusagia, akasikiliza. Kama kilipona, alikitia makali kwenye jiwe la mtoni na kujaribu kukata unywele wa kichwa changu, maana wa kwake aliona ni wa thamani. Mzee alimwambia hakuna mtu duniani anayetumia kisu hivyo. Akajibu, "Mimi ni mtu wa duniani."

"Maji ni baridi mno kwake," nilimwambia mbuzi siku moja, baada ya kingine kupasuka. "Kwetu mtoto aliyetoka kuzaliwa haogeshwi maji ya mto."

Mzee akaiuliza nyundo, "Tumwogeshe na nini?"

Mafuta ya kupikia yalikuwa ya kusimuliana tu. Lakini misheni walifuga nguruwe, na padre alikuwa amechoka kuchinjia kisu cha mpini wa plastiki. Mzee aliahidi kumtengenezea kisu kizito cha kuchinjia, naye padre akatoa debe la mafuta ya nguruwe. Tuliyayeyusha kwenye chungu, kisu chekundu kikazama humo, kikachemka, moshi ukapanda. Hakuna mlio wa kupasuka. Mzee akakiweka juu ya makaa yaliyofifia mpaka ubapa ukapata rangi ya majani makavu, akakiacha kipoe chenyewe. Hiyo rangi mimi sikuiona. Aliutangazia moto, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili nami nijue.

Mama mkwe alikipiga kwenye mfupa, akakirusha kwenye jiwe, akabandulia mlango. Kikapona. Akakitazama muda mrefu.

"Kibaya," akasema. "Hiki sikirudishi."

Ni kweli vilikuwa vibaya. Ubapa mweusi wenye makovu ya nyundo, mgongo mnene, mpini wa mti wowote mgumu uliopatikana, umeshikwa kwa misumari iliyokatwa na kugongwa pande zote mbili. Hakuna aliyevisifu kwa sura. Lakini watu walivitaka. Waliokuwa na mahindi walileta mahindi, wenye kuku wakaleta kuku, wenye samaki wakavu wa Ziwa Rukwa wakaleta samaki. Mwenyekiti wa kijiji alichukua kimoja akasema ni kwa ajili ya kukagua. Hakukirudisha, kwa hiyo nadhani anaendelea kukagua.

Na kila tulipochovya kisu, harufu ya nguruwe wa kukaanga ilitembea kijiji kizima. Kwenye ile mistari iliyonyooka harufu haina pa kupotelea. Jirani wa kwanza alikuja kuomba chumvi. Wa pili alikuja kuulizia afya ya watoto. Walikaa, wakanusa, wakatazama huku na huku, wakaambiwa ni visu, wakaondoka wamenuna. Mbwa nao walikuja, na wao angalau hawakujifanya wamefuata chumvi. Mara moja, Krismasi, mama mkwe alichota mafuta yale ya kuchovyea akakaangia maandazi. Yalikuwa na ladha ya lori. Tuliyala yote.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, wigo ukichakaa tukasuka mwingine. Mwanangu wa kwanza alikuwa amekwisha kuanza shule ulipokuja ule mwaka wa msako wa walanguzi. Redio ilisema wako watu wanaoficha sukari, sabuni na mafuta huku wananchi wakiteseka. Watu waliokuwa na miche miwili ya sabuni wakaona wao ndio matajiri wanaosemwa. Mmoja alitupa mche wake chooni usiku, asubuhi akajuta, na choo kilikuwa kirefu. Nasi, nyumba yenye harufu ya kukaanga na yenye wigo wa matete ambao mgeni haruhusiwi kuuvuka, tulikuwa tunavukuta tu, hatuna habari.

Mtu alitusema. Mpaka leo simjui, na sijamtafuta sana, kwa sababu ningekuwa mimi jirani yetu ningetusema pia.

Walikuja adhuhuri. Mimi niliona miguu tu, kwa chini ya wigo: viatu vyeusi vya ngozi vya ofisa kutoka mjini, kandambili za mwenyekiti, na mabuti ya mgambo. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaweka kisu motoni. Mafuta ya kwenye chungu yalikuwa yamekwisha kuyeyuka na kunukia.

"Shikamoo mzee," sauti ya kijana ilisema.

"Marahaba."

"Mzee, tumepata taarifa kwamba nyumba hii mnakaanga kila siku. Mnakaanga nini?"

"Visu," mzee akasema.

"Mzee, niko kazini."

"Na mimi."

Mwenyekiti akakohoa. Ofisa akarudia taratibu, kama anavyosema mtu na kiziwi. "Mnakaanga visu."

"Leo viwili. Jana kimoja kilipinda, nikakirudia."

"Na nyuma ya huo wigo kuna nini?"

"Mkwe."

"Mkwe anafanya nini huko nyuma?"

"Anavukuta."

"Kwa nini asivukutie huku mbele, watu wamwone?"

"Hilo mimi nimejiuliza mwaka baada ya mwaka," mzee akasema. "Ni mila ya kwao. Mimi nimeambiwa nikohoe, ninakohoa."

Kwa ofisa yule hayo yalikuwa majibu ya mtu mwenye magunia ya sukari. Alimwamuru mgambo aubomoe wigo. Mgambo, kama nilivyokuja kuona baadaye, alikuwa amevaa kisu chetu kiunoni. Alianza kufungua kamba moja moja, taratibu, kwa heshima, kama anamvua marehemu saa. Mimi nilikuwa nimeshika vijiti vya mivukuto, mtoto mgongoni. Nikamwambia mbuzi, "Mwambie mwenye nyumba wasifungue." Nikasikia ofisa anauliza, "Nani anaongea na mbuzi?" Kisha akachoka kungoja, akashika wigo mwenyewe, akauvuta. Ukaanguka mzima.

Nilifunika uso kwa kanga, lakini nilichelewa. Nikamwona.

Alikuwa mfupi. Miaka yote ile, kwa mlio wa nyundo yake, nilikuwa nimemjenga mtu mkubwa kama mlango wa kanisa. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mzee mfupi mwenye aproni ya gunia, masikio yamemtoka, koleo mkononi, na kwenye koleo kisu alichokuwa ndiyo kwanza amekitoa motoni, kingali chekundu. Na alikuwa amefumba macho. Ameyabana kabisa, mashavu yamepanda, kama mtoto anayemezeshwa klorokwini. Mila haikuwa yake. Mila ilimwona yeye kama chui. Lakini wigo ulipoanza kuanguka, alifumba.

Nikatoa ukelele kwa lugha ya kwetu. Sikukusudia, ulinitoka. Ni maneno anayosema mwanamke akikutana na mkwewe njiani na hana pa kukimbilia.

Ofisa akanijibu kwa lugha ileile. Nadhani mdomo ulijibu kabla yeye hajajua. Nilimtazama kwa upenyo wa kanga: kijana wa kaunda suti, mnono kidogo, na uso unampauka. Alikuwa mtu wa kwetu. Alitazama wigo ulioanguka, akanitazama mimi, akamtazama mzee aliyefumba macho, na akaelewa amefanya nini. Akageuka haraka, akasimama ameelekeza uso kwenye ukuta wa jiko.

"Mama, nisamehe," akauambia ukuta. "Mzee, nisamehe. Nilidhani ni sukari."

"Ndugu, mbona unasema na ukuta?" mwenyekiti akauliza.

"Usinigeuze, mwenyekiti. Nimevunja jambo kubwa. Kwetu hili ni la kulipa ng'ombe."

Mwenyekiti naye, asijue itifaki, akageukia ukutani. Mgambo akaona mkubwa wake amegeuka, akageuka. Basi tukabaki hivyo, serikali nzima imeangalia ukuta, mzee amefumba macho, mimi nimejifunika kanga, na mbuzi peke yake anatutazama sote.

Mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono. Alituangalia mmoja mmoja.

"Chuma kinapoa," akasema, "nyie mnasali."

"Mimi siwezi kufumbua," mzee akasema. "Kijana anasema ni ng'ombe. Ng'ombe sina."

"Utachovya na macho yamefumba?"

"Nielekeze chungu kilipo."

"Utauchovya mguu wangu."

Watu wananiuliza nilihisi nini wakati ule, wakitegemea niseme nililia. Nilichoka, basi. Nilichoka shingo, kwa kuinama miaka yote ile, na niliona aibu ya aina nyingine kabisa: yule mzee mfupi ameshika chuma cha moto gizani kwa ajili yangu, na kitamwangukia mguuni. Mama yangu alinifundisha kwamba mila ni heshima. Nikafikiri, kama ni heshima, amekwisha kuitoa. Imebaki ya kwangu. Nikashusha kanga.

"Baba," nikasema, na sikumwambia mbuzi. "Fumbua macho. Rudisha motoni, nitavukuta."

Alifumbua jicho moja kwanza. Akanitazama kama mtu anayechungulia kama mvua imekatika. Kisha akafumbua la pili.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Moto umefifia."

Nikavukuta. Kisu kikarudi kwenye wekundu wake, akakichovya, moshi ukajaa kibandani, na wale watu watatu ukutani wakaanza kukohoa. Mama mkwe akawaambia wageuke wanuse vizuri waandike kwamba ni visu. Waligeuka. Ofisa hakuandika kitu. Alijaribu kuusimamisha wigo kwa mikono yake, ukaanguka, akausimamisha tena, ukamwangukia yeye. Mama mkwe akamwomba auache kabla hajabomoa na jiko.

Alikula kwetu siku ile. Nilimpikia mimi, na alinisimulia habari za Tukuyu, nani ameolewa, nani amekufa, migomba ya nani imeungua kwa baridi. Alikuwa na miezi michache tu Sumbawanga na alikuwa mpweke kama mimi nilipofika, ila yeye alipewa gari na mamlaka badala ya ndoo ya maji. Nilimsamehe katikati ya ugali.

Ng'ombe hakuleta. Baada ya muda gari la serikali lilisimama mbele ya nyumba, majirani wakajifungia ndani, na kutoka nyuma ya gari wakashusha rundo la springi zilizovunjika kutoka karakana ya mjini, zilizokuwa zimekaa huko zikiota kutu. Ofisa akamwambia mzee kwamba huyu ndiye ng'ombe, asamehewe kwa kukosa mkia. Pia alileta habari kwamba sasa tunatambuliwa kama kikundi cha ujamaa cha uhunzi, na kikundi lazima kiwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tulikuwa watu watatu. Mama mkwe alijichagua mwenyekiti kabla hatujamaliza kusikiliza.

Kwetu, mama yangu alipopata habari hakuninunia kama nilivyoogopa. Alimtuma mtu na kilo ya majani ya chai na salamu kwamba ameniombea kanisani. Halafu akaongeza kwamba kama visu hivyo ni kweli havipindi, nimtumie kimoja cha migomba, kirefu.

Hatukusimamisha wigo tena, na wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimezoea kumjua kwa masikio. Sasa nikimtazama nasahau kusikiliza, navukuta ovyo. Naye alikosa pa kuweka macho, akawa anauambia moto maneno halafu anakumbuka, anageuka, ananirudia yaleyale. Jambo jingine, tulianza kugombana. Kwa kupitia mbuzi huwezi kugombana na mtu, mbuzi hana sauti ya dharau. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya mgongo wa kisu. Yeye alitaka mnene, mimi nilitaka ule wa jikoni uwe mwembamba zaidi, usiharibu nyanya.

"Nani anakata nyanya kwa kisu cha uhunzi?" akauliza.

"Mimi."

"Basi jifulie."

Akaniwekea nyundo juu ya fuawe, akaenda kukaa kwenye mivukuto. Nilidhani ni hasira. Nilipotazama nikakuta ameshika vijiti, anangoja. Alivukuta vizuri, siwezi kumnyima hilo, ingawa alilalamika kiuno muda wote na kusema sasa anaelewa kwa nini nilikuwa nanyonyesha mara nyingi vile.

Kisu changu cha kwanza kilipinda upande. Nilikirudia, nikakipasha sana, makali yakaungua. Nilikirudia tena. Mama mkwe alikirusha kwenye jiwe bila kujali ni cha nani, na kilipopona alikata nyanya, akaitazama, akakata nyingine.

Tulipokwenda sokoni Sumbawanga msimu uliofuata, mzee alitandika gunia, akapanga vyake upande mmoja na vyangu upande mwingine. Alikuja mwanamke mmoja mwuza samaki, mabega kama ya mwanajeshi. Alichukua kisu, akakikunja kwenye goti, akakigonga sementi, akakilamba kwa sababu ambayo sijaijua. Akauliza nani amevifua.

"Hivi mimi," mzee akasema. "Vile mkwe wangu."

Yule mwanamke alinitazama mimi, akamtazama mzee, akaviangalia visu pande zote mbili za gunia.

"Mbona vyake vina sura mbaya hivi?"

"Anajifunza kwangu," mzee akasema.

Akachukua cha kwangu, akakifunga kwenye kanga pamoja na samaki wake, na kuanza kubishana nami bei.